Siku Ambazo Chepkurui Hakuchuna

Katika vilima vya juu ya Roret, mvua ya mawe haimshangazi mtu. Huja baada ya saa nane mchana, hukaa robo saa, hupasua majani ya chai ya miezi miwili, kisha jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu husimama barazani kutazama. Mmoja husema, "Imeanza," mwingine baadaye husema, "Imeisha," na mazungumzo zaidi ya hayo huonekana kama kupoteza pumzi. Lakini mwaka huo ilikuja mara tano kati ya Machi na Mei, na baada ya mara ya tano watu walianza kutaka maelezo.

Maelezo yalikuja kwa pikipiki. Aliyeyaleta aliitwa Obure, mtafiti wa chuo kikuu, mtu mzima mwenye miwani na viatu visivyojua matope. Alikuwa akitafuta mashamba ya kuweka mbao zake, ambazo zilikuwa vipande vya sponji ngumu vilivyofunikwa kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku wa kuchoma. Mawe yakizipiga yanaacha vishimo, na yeye anakuja kuvihesabu. Shamba la Chepkurui lilimpendeza kwa sababu lilikaa begani mwa kilima, na mawe huanza na hilo kabla ya mengine. Kipngeno, mumewe Chepkurui, aliuliza huo ubao unakula nini. Aliambiwa hauli kitu. Akakubali.

Chepkurui alikuwa na miaka hamsini na minne, na mikono iliyojulikana kuliko uso wake. Kulikuwa na kikundi cha wanawake waliozunguka wakichuna shamba kwa shamba, Jumatatu kwako, Jumanne kwangu, na katika kikundi hicho mtu aliyejikaza alifikisha kilo thelathini na tano kwa siku. Chepkurui alifikisha sitini na akabaki na nguvu za kusengenya. Alichuna majani mawili na chipukizi, kwa mikono yote miwili, bila kutazama. Meza ya chai yake, yaani ule usawa wa juu wa michai, alikuwa ameilinda kwa miaka thelathini kwa kuilazia fito na kung'oa kila kilichojitokeza juu yake. Kipngeno alipenda kusema kwamba mke wake angeweza kumsamehe mtu aliyemwibia ng'ombe, lakini si aliyechuna jani la tatu.

Mwisho wa Mei kulikuwa na mkutano kwenye kituo cha majani, pale lori la kiwanda linapopakia, na Obure aliombwa aseme neno kuhusu mbao zake. Angesema tu kwamba anahesabu mawe, mambo yangeishia hapo. Bahati mbaya alipenda kufundisha.

"Barafu haijitengenezi hivi hivi," alisema. "Inahitaji kitu ya kuanzia. Kavumbi kadogo tu. Sasa, huku chini ya chai kuna majani imekauka, imeoza, imekuwa kama unga. Mkipita mkichuna mnakanyaga, mnatikisa, hiyo unga inapanda na hewa ya mchana mpaka kwa mawingu. Huko juu inashikwa na maji, inaganda, inakuwa jiwe. Jiwe linarudi linapasua majani, majani inaanguka, inaoza, inakuwa unga tena. Ni mzunguko. Hivyo ndivyo tunafikiria. Inawezekana."

Johana, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alisimama. Alikuwa mzee wa kanisa na binamu ya Kipngeno, mtu wa haki asiyependa jambo libaki bila mwenyewe.

"Kwa hivyo ni mchunaji," alisema.

"Ni wachunaji. Ni chai yenyewe. Hapa zamani si palikuwa msitu? Msitu hakuna mtu anautikisa kila wiki."

"Na yule anachuna sana ndiye anatikisa sana."

Obure alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza Chepkurui. Alifikiri kidogo, akasema kwamba ukienda na hesabu, ndiyo.

Hakuna aliyemgeukia Chepkurui. Wote walitazama pengine kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo alivyojua.

Siku mbili baadaye kamati ilikaa na daftari la kikundi, ambalo lilionyesha nani alichuna wapi na siku gani. Mvua za mawe zilikuwa tano. Siku zote tano Chepkurui alikuwa amechuna. Daftari hilohilo lilionyesha kwamba alikuwa amechuna pia siku zote ambazo mawe hayakunyesha, isipokuwa Jumapili, lakini kamati haikuwa imeitwa kujadili siku hizo. Halafu kulikuwa na lile la ukoo. Chepkurui alizaliwa katika ukoo wa Toiyoi, ambao zamani walihesabiwa kuwa watu wa ngurumo. Radi ikizidi, mzee wa Toiyoi alichukua shoka, akalipaka majivu ya jikoni, akalitupa nje na kuiambia radi inyamaze. Kilima kizima sasa kilikuwa cha Wakristo na hakuna aliyeamini mambo hayo, ndiyo maana yalisemwa kwa sauti ya chini.

Johana alikuja Jumamosi mchana akiwa na wanakamati wawili. Walikunywa chai. Waliuliza habari za ng'ombe, kisha za Joan, binti wa Chepkurui aliyekuwa akisomea uuguzi, kisha za ng'ombe tena. Kikombe cha pili kilipoisha, Johana aliweka kofia yake gotini.

"Mama Joan," alisema, "sisi hatusemi ni wewe."

"Asante."

"Lakini kama ungetupa shoka nje, mara moja tu. Si kuamini. Ni kujaribu tu."

"Mzee, wewe ndiye ulikuwa umenishikia kitabu siku nilibatizwa."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

"Sitatupa shoka."

Johana alionekana kupumua. Inaelekea hata yeye hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya hilo shoka. "Ni sawa," alisema. "Basi upumzishe mikono tu, mpaka msimu wa mawe uishe. Majani yako kikundi itachuna, usijali."

"Na wengine wote wataendelea?"

"Sasa tukiacha wote tutakula nini?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Lakini mtu mmoja anaweza kuacha."

Chepkurui aliitafuta kasoro katika maneno hayo na alijua ipo, lakini ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hakupata pa kuishikia. Kipngeno, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliuliza kama naye amekatazwa. Aliambiwa kwamba yeye huchuna polepole, hana madhara. Haikujulikana kama amekasirika kwa ajili ya mkewe au kwa ajili yake mwenyewe.

Jumanne wanawake wa kikundi walikuja kuchuna chai ya Chepkurui. Aliwatazama kutoka mlango wa jikoni, mikono ikiwa chini ya aproni. Walichuna jani la tatu. Mahali pengine waliacha machipukizi yamesimama, mahali pengine waliingiza mikono chini ya meza wakaacha mashimo. Hawakufanya kwa ubaya. Ndivyo walivyochuna siku zote, ila siku zote yeye alipita nyuma yao akirekebisha. Alilia kidogo, akapangusa uso, akawapelekea chai shambani, kwa sababu watu wakiwa kwenye shamba lako ni wageni wako.

Wiki ya kwanza mawe hayakunyesha. Wiki ya pili pia hayakunyesha. Mvua ilikuja jioni, ya adabu, ikalowesha udongo na kuondoka. Mwaka mwingine wowote Chepkurui angemshukuru Mungu kwa mvua kama hiyo. Sasa kila jua lililochomoza lilikuwa shahidi dhidi yake, na mashahidi walizidi kuongezeka. Watu walianza kumsalimia kwa heshima mpya, ile wanayopewa watu waliokubali kosa lao mapema.

Jumapili ya tatu, wakati wa matangazo kanisani, Johana alimshukuru mbele ya wote kwa kujitolea kwa ajili ya jamii. Watu walipiga makofi. Chepkurui alivishwa kilemba hicho cha ukoka akiwa amesimama, maana aliombwa asimame. Kisha wakaomba Mungu alinde majani dhidi ya mawe, na watu wote wakaitikia Amina isipokuwa mtu mmoja.

Mwenyewe alishtuka. Hakuwa amekusudia kunyamaza, ni ulimi tu uliogoma. Lakini kufikia katikati ya wiki hiyo alikuwa ameacha kujidanganya. Alikuwa akiomba mawe. Asubuhi akikamua, mchana akipalilia sukuma wiki, aliomba mawe yanyeshe. Hakutaka mengi. Alitaka ya kutosha tu kuonekana, siku moja, huku mikono yake ikiwa imetulia mbele ya watu. Alijua vizuri kwamba shamba la kwanza kupigwa lingekuwa lake, na bado aliomba.

Alimwambia mtu mmoja tu, Waceke, mwenye duka pale kituoni. Wazazi wa Waceke walihamia Roret kutoka upande wa Nyeri kabla yeye hajazaliwa, na yeye na Chepkurui walikuwa marafiki tangu wakiwa wanawari. Alikuwa na nusu ekari ya chai nyuma ya duka.

"Unaomba nini?" Waceke aliuliza.

"Mawe."

Waceke aliweka chini pakiti ya unga aliyokuwa amemshikia. "Na majani yangu mimi iko chini ya mawingu ya nani?"

"Nitaomba yapite kando yako."

"Asante sana. Mwambie Mungu ni nusu ekari tu, haitamsumbua kuruka." Kisha akacheka, halafu akaacha kucheka alipouona uso wa mwenzake. "Wewe ujue kikundi imelala tangu utoke. Zamu yangu inafika majani imekuwa mboga ya ng'ombe. Mpaka nimenunua ile mashine ndogo ya betri. Inalia kama nyuki na inachuna kama mbuzi. Lakini nitafanyaje? Mkono yako sina."

Hilo la mwisho lilimfariji Chepkurui kuliko makofi yote ya kanisani.

Obure alirudi kukagua mbao zake na hakukuta hata kishimo kimoja. Chepkurui alimngoja hapohapo kwenye ubao, akamweleza yaliyompata. Obure alifadhaika kweli. Alikwenda moja kwa moja kwa Johana, Chepkurui akifuata nyuma, akamweleza kwamba mtu mmoja akiacha haibadilishi kitu, kwamba jambo lenyewe ni la vilima vyote kutoka hapa mpaka Kericho, ni la miti iliyokatwa na michai iliyopandwa mahali pake, na ni la miaka mia.

"Lakini yeye ameacha," alisema Johana, "na mawe imeacha."

"Hiyo inaweza kuwa bahati tu, mzee."

"Na inaweza kuwa si bahati?"

Obure alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Chepkurui alimtazama akimwombea adanganye mara moja tu maishani mwake.

"Inawezekana," alisema Obure, na Johana akaliandika neno hilo.

Alhamisi ya wiki ya tano Kipngeno alikwenda Roret kununua chumvi ya ng'ombe. Kikundi kilikuwa kinachuna upande wa pili wa kilima. Saa saba mchana Chepkurui alishuka na panga kwenda kukata nepia ya kulisha ng'ombe mwisho wa shamba, pale ambapo laini ya chini kabisa ya chai imefichwa na majani marefu na mtu aliye barabarani haioni. Alikata mafungu mawili. Alipoinuka kunyoosha mgongo aliiona laini yenyewe, imeota ovyo, machipukizi yamesimama kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Mikono ilimtangulia. Alichuna kutoka mwanzo wa laini mpaka mwisho, akitupia majani kwenye leso aliyoifunga kiunoni. Lile tendo dogo la kidole gumba na cha shahada, ambalo alikuwa amelifanya mara mamilioni bila kulifikiria, lilimtia raha mpaka macho yakamlowa. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano alijisikia mtu.

Saa nane na nusu upepo ulibadilika, ukawa wa baridi. Wingu lilitoka upande wa Kericho likiwa na tumbo jeupe. Chepkurui aliacha nepia palepale, akapanda mbio, na jiwe la kwanza lilimpiga begani akiwa amebakiza hatua kumi kufika barazani.

Yalikuwa makubwa kama mbegu za parachichi. Juu ya mabati yalipiga kelele kiasi kwamba ng'ombe walionekana wakifungua midomo bila sauti kutoka. Chepkurui alisimama barazani akatazama meza yake ya miaka thelathini ikigeuka vijiti, na furaha ilimpanda kutoka miguuni mpaka akalazimika kushika nguzo. Yananyesha. Yananyesha na kila mtu anajua sijachuna. Alisema hivyo kwa sauti, kwani hakuna ambaye angesikia. Kisha mkono ulioshika kiuno ukagusa leso, na ndani ya leso kulikuwa na majani.

Furaha ile haikuisha mara moja. Ilishuka polepole, na nyuma yake ikaja hofu ambayo hakuwahi kuijua. Wiki tano hakuna hata jiwe moja, na leo laini moja tu. Kwa wiki tano alikuwa na hakika kwamba wale watu ni wapumbavu. Sasa hakuwa na hakika.

Mawe yalipoisha, kilima kizima kilinuka majani mabichi yaliyopondwa, ile harufu ya kiwandani. Kipngeno alirudi na chumvi yake kichwani, akatazama shamba, akasema, "Imeisha." Chepkurui alikuwa ameshaificha leso chini ya kitanda.

Johana alikuja asubuhi na wanakamati wake walewale. Safari hii hakukaa. Chai yake mwenyewe, ekari mbili, ilikuwa imelala chini, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Jana hukuchuna," alisema. Hakuwa anauliza. "Kamati imekaa asubuhi mapema. Imeonekana si wewe. Tumekukosea, na mimi ndiye nilianza. Nakuomba msamaha."

Chepkurui alikuwa amelingoja neno hilo kwa wiki tano, na sasa lilikuwa limekuja kamili, hata na msamaha ndani. Alihitaji kusema neno moja tu.

"Asante," alisema.

"Na tungependa uingie kwa kamati. Wewe hii mambo unaijua vizuri." Johana alifungua daftari. "Sasa, kama si wewe, tumeangalia jana nani alichuna sana. Ni Waceke. Na ile mashine yake. Vumbi ya mashine si kama ya mkono." Alisita, akashusha sauti. "Na unajua watu hawataachia hapo. Watasema pia yale mambo mengine."

Yale mambo mengine Chepkurui aliyajua. Yalikuwa yamesemwa zamani, mwaka mmoja wa uchaguzi, nani ni wa huku na nani si wa huku, na mwaka huo Waceke na mama yake walilala wiki mbili katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, madirisha yakiwa yamefungwa. Johana aliyajua pia. Usiku mmoja ndiye aliyewaletea maziwa. Ndiyo maana aliyasema kwa sauti ya chini, na ndiyo maana uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba kitu kizito huku akitumaini mtu mwingine atakipokea.

Chepkurui aliingia ndani. Aliinama chini ya kitanda akapapasa mpaka akaipata leso. Alipotoka aliitandaza kwenye benchi mbele yao. Majani yalikuwa yamenyauka kidogo, lakini yalikuwa majani mawili na chipukizi, kila moja, yote.

"Nilichuna jana," alisema. "Laini ya chini. Saa saba."

Walitazama. Mwanakamati mmoja alichukua shina moja akaligeuza. Katika kilima kizima hakukuwa na mkono mwingine uliochuna namna hiyo.

"Hii ni yako," alisema Johana.

"Ni yangu."

"Waceke je?"

"Waceke ana mashine ya kulia kama nyuki. Mwenye mawe ni mimi. Si mlikuwa mmeshasema?"

Johana alikaa kwenye benchi, kando ya majani, jambo ambalo hakuwa amepanga kufanya. Kisha akatoa kalamu, akakata mstari mmoja daftarini, akaandika mwingine.

"Afadhali," alisema, bila ubaya wowote. "Kutafuta mwingine kungetuletea shida."

Wanakamati wawili walikubali kwamba ilikuwa afadhali. Yule aliyeshika shina alilirudisha taratibu, akasema kazi ni safi, na ni hasara. Walimwambia Chepkurui asichune mpaka Desemba. Kwa vile hapakuwa na jani la kuchuna, hukumu hiyo haikumbadilishia mtu yeyote ratiba.

Walipoondoka, Kipngeno alikaa mahali Johana alipokuwa amekaa.

"Wewe unafikiri ni wewe kweli?" aliuliza.

"Sijui."

Huo ulikuwa ukweli, na ulimuumiza kuliko jina lake kurudi daftarini. Kipngeno aliikunja leso vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mapajani mwake.

Waceke alisikia kabla ya saa sita. Alikuja na kilo mbili za sukari, akaziweka mezani, akasema zilikuwa zimebaki dukani. Hakuna sukari inayobaki dukani. Wanawake hao wawili walikaa mpaka jioni wakizungumza kuhusu bei ya vifaranga.

Kwa wiki nane hakuna aliyechuna katika kilima hicho. Hakuna aliyekanyaga chini ya chai, hakuna aliyetikisa tawi. Ilikuwa ni kama kila mtu amekatazwa, na wanawake wa kikundi walizurura njiani mikono ikining'inia, wakimwambia Chepkurui kwamba kumbe kukaa bila kuchuna ni vigumu. Katika wiki hizo nane mawe yalinyesha mara mbili. Mara zote mbili kamati ilifika kumuuliza Chepkurui, kwa heshima, kama amegusa chochote. Mara ya pili Johana aliuliza akiwa hamtazami usoni, kisha akabaki amesimama uani, akiitazama mikono yake mwenyewe pande zote mbili.

Mwanzoni mwa Septemba machipukizi yalitoka. Johana alikuja peke yake asubuhi, bila daftari.

"Kamati imefikiria sana," alisema. "Sisi wiki nane hatujachuna, na mawe imekuja. Kwa hivyo si sisi. Ni watu wa ng'ambo ya mto. Wao mawe ya Julai iliwaruka, wamekuwa wakichuna wakati wote."

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe. Si mtu yeyote wa huku. Hata Waceke." Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mei. "Tumewaandikia barua."

"Mmewaambia nini?"

"Wapumzike kidogo."

Chepkurui alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu zuri, alikuwa amelitengeneza kwa wiki nane usiku na mchana, na lilimhusu Johana, Obure, babu zao wote na kila mche uliopandwa kutoka hapa mpaka Kericho. Lakini umande ulikuwa unakauka na machipukizi yalikuwa yamefikia kiasi. Alimwambia asante, akachukua kikapu na fito, akaingia shambani.

Alianzia juu. Alilaza fito, akachuna, akalaza, akachuna. Mikono haikuwa imesahau kitu. Alifurahi, na aliona aibu kwa kufurahi, na hakuacha kuchuna kwa sababu ya lolote kati ya hayo mawili. Alipofika katikati ya shamba aliinua kichwa kupumzisha shingo. Ng'ambo ya mto, kwenye chai ya upande ule, wanawake wanne waliokuwa wakichuna walikuwa wameacha. Walisimama mikono kiunoni, wakitazama jinsi mtu wa upande huu anavyochuna haraka.

Chepkurui aliinua mkono kuwasalimia. Hakuna aliyeitikia. Mmoja wao alimwambia mwenzake jambo, na yule mwenzake akatazama mawinguni.